Aliye Chini Haguswi

Kule Bindarra, kwenye machimbo ya vito vya opali, serikali ilileta sheria nyingi ambazo hakuna anayezijali. Sheria ya mji ni moja tu, na hata mlevi wa kutambaa anaiheshimu: aliye chini haguswi. Ilianzia mashimoni. Mtu akiwa futi sitini ardhini, roho yake iko mkononi mwa yeyote apitaye juu. Kokoto la ukubwa wa yai la bata likidondoshwa kwenye mdomo wa shimo, humfikia likiwa risasi. Kwa hiyo hata kama kakuibia, kamtukana marehemu mama yako, au kalala na mkeo kitandani mwako na kukuachia shuka chafu, akishakuwa chini unangoja atoke. Ukimgusa, umekwisha. Huuziwi mkate, hupewi moto wa sigara, na siku ukishuka wewe hakuna wa kukushikia kamba. Magari yalipokuja na kuanza kuharibika, sheria ilitembea yenyewe hadi kwa mtu aliyelala chini ya gari. Chini ni chini.

Ndiyo maana Jumamosi ile saa moja na nusu asubuhi Dragutin Pavlek, ambaye kila mtu humwita Drago isipokuwa mkewe akikasirika, alikuwa bado na meno yake yote. Alikuwa amelala chali chini ya pikapu yake, mbele ya mlango wa nyumba yake iliyochongwa ndani ya kilima. Hatua tano kutoka hapo, kwenye kiti cha kukunja, alikaa shemeji yake Merv Hannaford, mume wa dada yake, mwanamume mwenye mabega ya friji, akimngoja atoke amvunje.

"Chukua muda wako, shemeji," Merv alisema huku akifungua kopo la bia. Pua yake ilikuwa na plasta pana, na sauti ilimtoka kama anaongelea ndani ya ndoo. "Sina haraka mimi. Ukitoka naanza na mbavu, halafu napanda taratibu."

"Pua inaendeleaje?" Drago aliuliza kutoka chini.

"Utaiona vizuri ukitoka."

"Naiona hata hapa. Imegeuka kumsalimia jirani."

Pua hiyo aliivunja Drago mwenyewe siku ya Alhamisi, kwenye baa, kwa sahani ya chuma iliyokuwa bado na soseji juu yake. Ugomvi ulikuwa wa shimo. Miaka mitatu walichimba pamoja, Merv na Drago, bila kuona kitu. Merv akasema shimo limekauka kama titi la kizee, akachukua zana zake akaondoka. Drago akaendelea na mkewe Jagoda. Mwezi uliopita sururu ilipasua ukuta, na opali ikawatazama, kijani na nyekundu kama mkia wa kasuku. Tangu siku hiyo Merv alikumbuka kwamba yeye ni mbia.

Sasa, ofisi ya madini ina kanuni yake: kiwanja kikikaa siku saba bila mashine kunguruma, siku ya saba saa sita mchana vigingi vya mwenyewe vinaanguka, na wa kwanza kupigilia vyake ndiye mwenye kiwanja. Na Jumamosi iliyotangulia, Drago alikuwa anarudisha winchi yake kutoka kwenye matengenezo, mashine ya kilo mia nane, ndipo ile barabara ya mawimbi, iliyokaa kama ubao wa kufulia, ilipovunja springi zote mbili za nyuma. Pikapu ikakaa kitako kama punda aliyechoka na ndoa. Gari jingine la kubeba winchi ile halikuwapo. Mji mzima ulikuwa umehamia kwenye mashindano ya farasi, umebakiza mbwa na wenye hasira. Leo ndiyo siku ya saba. Mkaguzi angekuwa shimoni saa sita kamili, saa mkononi. Na nyuma ya kiti cha Merv liliegeshwa gari la Merv, ndani yake vigingi vinne vipya vinavyonuka rangi.

Merv angeweza kwenda kungojea kule kule shimoni, akae kivulini. Lakini Merv hajawahi kuiba kitu bila kwanza kumpiga mwenyewe.

Drago alikuwa ameapa kwamba hatarudishia springi dhaifu za kiwandani. Nyuma ya kilima kulikuwa na lori lililokufa zamani, na springi zake zilikuwa kama za magari yote ya mizigo: mabamba ya chuma yaliyopinda, yamepangwa moja juu ya jingine kama chapati. Kiwanda kiliweka mabamba sita kila upande. Drago alichomoa ya lori akapanga kumi na moja.

"Unatengeneza gari au daraja?" Jagoda alimuuliza.

"Natengeneza kitu ambacho hakitavunjika."

"Chochote unachotengeneza wewe, kisipovunjika kinamvunja mtu."

Upande wa kushoto alikuwa ameumaliza alfajiri. Upande wa kulia ulikwama kwenye pini ya mbele, ile inayoshika jicho la springi kwenye chesisi. Kutu ilikuwa imeifungisha ndoa na bushi yake. Aliipiga nyundo hadi mkono ukafa ganzi. Aliichoma moto. Aliimwagia mafuta, kisha matusi ya kwao Dalmatia, ambayo kwa kawaida hulegeza kitu chochote. Pini ilitulia tuli. Ilipofika saa mbili na nusu, Drago alimwita mkewe kwa sauti ya chini.

"Jagoda. Niletee baruti. Kipande kama kidole gumba."

"Karibu na tangi la mafuta?"

"Tangi liko kushoto."

"Na baruti inajua kushoto na kulia?"

Lakini alikwenda kuileta. Mtu wa mahali pengine angetafuta msumeno wa chuma. Mtu wa Bindarra huzibua choo kwa baruti, hupanua chumba cha kulala kwa baruti mtoto akizaliwa, na yuko mzee mmoja aliyeng'oa jino kwa baruti na akaishi, ingawa si kwa uzuri. Drago aliishindilia nyuma ya pini, akaiziba kwa udongo, akawasha utambi, akajiviringisha kutokea upande wa kushoto.

Merv alipoona kichwa cha shemeji yake kinachomoza upande wa pili, alirusha kopo akaruka kutoka kitini kwa furaha ya mtoto siku ya sikukuu. Alikuwa ameshalizunguka gari nusu, ngumi juu, ndipo alipomwona Jagoda amelala kifudifudi nyuma ya tangi la maji, vidole masikioni.

"Nini tena—"

Pikapu iliruka. Iliruka ikakaa hewani kwa muda wa kutosha mtu kujutia mambo mawili, kisha ikarudi juu ya stendi zake zile zile. Pini ilitoka kama imetumwa. Ilipita katikati ya kiti cha Merv, pale ulipokuwa mgongo wake sekunde tatu kabla, ikapita kwenye kasha la barafu lenye bia kumi na nane, ikaingia kwenye rejeta ya gari lake na kutokea upande wa pili. Mchunga kondoo mmoja aliiokota mwezi uliofuata, kilomita nne kutoka hapo, na anaapa kwamba ilikuwa bado na joto. Kama Drago alilenga au hakulenga, watu wanabishana mpaka leo. La hakika ni kwamba hamu ya kumpiga mtu ndiyo iliyomwokoa Merv.

Haikumfundisha shukrani. Alitazama bia zake zinavyovuja, akatazama maji ya rejeta yanavyochora mto mwekundu kwenye vumbi, kisha akamgeukia Drago na kutimiza ahadi yake kwa mpangilio. Mbavu kwanza. Drago alisikia ya kwanza ikikatika, kama kijiti chini ya kiatu, na ya pili ikafuata. Alirusha ngumi iliyogonga koo la Merv. Merv alikohoa, akamshika ukosi, akampa moja ya mdomoni. Jino lilitoka na damu, likashikamana na ndevu. Drago alianguka magoti, akachota vumbi akamrushia machoni, akajitupa chini ya gari.

Nusu yake tu ndiyo iliyoingia. Merv, kipofu kwa vumbi, alikuwa amekamata buti la kulia.

"Niko chini!" Drago alipiga kelele.

"Nusu yako iko nje!"

"Aliye chini haguswi, Merv," alisema Jagoda. Alikuwa amesimama juu yake na nyundo ya kilo nne.

"Jagoda, shemeji yangu, mguu uko nje! Mwangalie! Goti lote hili liko nje!"

"Mguu wa nani huo?"

"Wa Drago!"

"Na Drago yuko wapi?"

Merv alifikiri. Kufikiri hakukuwa kazi yake, na kulimuuma kuliko pua. Mwishowe aliachia buti, akaenda kulipiga mateke gari lake mwenyewe, ambalo halikuwa chini ya kitu chochote.

Drago alimaliza kazi kwa mbavu mbili zilizovunjika. Alivuta springi mpya kifuani mwake kama mtu anayejifunika jeneza. Aliinua ekseli kwa jeki mpaka tundu likatazamana na tundu, akagonga pini mpya, na kila pigo la nyundo lilirudi ubavuni mwake. Alifunga shokap ndefu za lori. Alikaza nati za yubolti zinazobana springi kwenye ekseli, robo duru kwa robo duru, na damu ya mdomoni ikimtiririkia masikioni. Merv alikuwa akipita na kurudi. Drago aliyaona mabuti yake tu.

"Ukimaliza utatoka," mabuti yalisema. "Huwezi kuzaa huko."

Saa nne na nusu Jagoda alirudishia magurudumu, Drago akatoa stendi na kushusha jeki kutokea chini kwa chini. Pikapu ikatua. Ilisimama na makalio juu kama nyigu anayetafuta wa kumuuma. Drago aliitazama kutoka ubavuni akasahau maumivu kwa kitambo. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Kisha alitoka, na spana ya magurudumu mkononi.

Merv alikuwa anamngoja kimo cha kichwa. Drago alipiga kimo cha goti. Chuma kilipiga mfupa, Merv akalia sauti nyembamba isiyomfaa mtu wa umbo lile, akaanguka ubavu. Drago aliinua spana tena, mikono miwili, akilenga plasta ile katikati ya uso. Hasira ya miaka mitatu ilikuwa imeingia kwenye chuma kile. Merv aliiona ikija. Akajiviringisha mara mbili, kama pipa.

Spana ilichimba ardhi. Merv alikuwa ametoweka.

Halafu, kutoka chini ya pikapu, kicheko cha ndani ya ndoo.

"Shemeji. Niko chini."

"Toka."

"Hapa pana kivuli kizuri. Mbona hukuniambia?" Mkanda wa suruali ulisikika ukivutwa, na bizimu ikagonga chuma. "Nimejifunga mkono kwenye ekseli, usije ukapata wazo la kuondoa gari. Saa sita ikipita nitatoka, nitatembea polepole na vigingi vyangu. Goti moja linanitosha."

Drago alizunguka gari mara tatu. Kuwasha na kuondoka ilikuwa kumburuta, na kumburuta ni kumgusa. Saa nne na dakika hamsini. Ndipo akatazama winchi iliyokuwa ikining'inia kwenye miguu mitatu ya chuma juu ya bodi ya nyuma ya gari.

"Tunapakia," alimwambia Jagoda.

"Atabanwa."

"Mimi simgusi. Gari ndilo litakalomgusa."

"Huo ni uwakili, Dragutin."

"Ni uzito tu. Aone gari linavyoshuka, atoke mwenyewe."

Walishusha winchi, kilo mia nane, minyororo ikilia. Pikapu ilishuka kidole kimoja. Drago akaongeza mapipa mawili ya maji. Haikushuka. Akaongeza fuawe, mitungi ya gesi, na jiwe alilokuwa akikalia kunywea kahawa. Mwisho alimpandisha Jagoda, mwanamke mwenye mwili wake, ambaye alipanda bila neno lakini kwa jicho ambalo Drago angelilipia baadaye. Springi zilimpokea kama meza inavyompokea nzi.

"Shemeji," Merv aliita kutoka chini, na safari hii sauti ilikuwa na heshima ya kweli. "Kazi safi hii. Mabamba mangapi umeweka?"

"Kumi na moja."

"Haitikisiki hata. Nina nafasi ya kujigeuza. Fundi wewe, nakuambia ukweli."

Drago alikaa chini vumbini. Hakuwahi kusifiwa na Merv maisha yake yote, na sasa kila neno la sifa lilikuwa dakika inayoliwa. Saa tano na dakika ishirini na tano. Barabara ilitaka dakika ishirini. Alifikiria jeki na nyenzo ndefu, alifikiria baruti iliyobaki, na kwa mara ya kwanza siku ile alijiogopa. Aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Aliona pia miaka iliyobaki, akishuka shimoni na hakuna mkono juu kwenye kamba.

Kisha alikumbuka mwaka wa kwanza wa ubia wao, yeye na Merv chini kabisa futi sitini, waliposhikana makoo kwa sababu ya mshumaa. Walipigana hadi wakatapika. Walipopanda juu, mji uliwatazama sura zao zilizovimba, ukawauzia mkate kama kawaida.

Drago alilala kifudifudi akaanza kujipenyeza chini ya gari.

"Unafanya nini?" Merv aliuliza.

"Nashuka."

"Hairuhusiwi!"

"Aliye juu asimguse aliye chini. Mimi niko wapi, shemeji?"

Kicheko kikafa.

Chini ya gari hakuna nafasi ya kurusha ngumi. Walipigana kwa viwiko, kwa paji la uso, kwa vidole gumba. Merv alikuwa na mkono mmoja tu, mwingine ameufunga mwenyewe, lakini mkono huo mmoja ulimshika Drago nywele ukamgongesha kichwa kwenye yubolti, na Drago aliziona nati alizokaza zikija usoni, moja, mbili, na mara ya tatu hakuona. Alipapasa akapata sikio, akaling'ata, akahisi kipande kinabaki mdomoni. Merv alinguruma, akainua goti lake zima na kumkandamiza bega kwenye gurudumu, akasukuma, akasukuma, mpaka mfupa wa mtulinga ukaitika kwa sauti ambayo Jagoda, aliyekuwa bado juu kabisa ya fuawe, aliisikia.

Drago hakuwa tena na mkono wa kushoto. Alibaki na kichwa. Alikirudisha nyuma kadiri chesisi ilivyoruhusu, akakishusha juu ya ile plasta. Akarudia. Akarudia tena. Mara ya nne Merv alikuwa laini.

Alifungua bizimu ya mkanda wa Merv kwa meno. Alimvuta kwa buti hadi juani, mkono mmoja, kwa awamu, akilia bila kujua kwamba analia. Merv alifumbua jicho moja. Alikuwa nje mzima mzima, nywele hadi kisigino, na hakuna sheria duniani iliyokuwa ikimfunika. Spana ilikuwa pale pale ilipochimba ardhi. Drago aliichukua.

"Drago," Merv alisema. Hakusema shemeji.

Jagoda aliteremka, akatazama saa yake. "Saa sita kasoro dakika ishirini na mbili. Muue au twende. Kwa vyote viwili muda hautoshi."

Drago alisimama na chuma juu, akipumua kwa vipande. Kisha akampiga moja tu, kwenye goti lililobaki zima, ili asiwafuate, na akapanda kwenye gari.

Jagoda ndiye aliyeshika usukani, akaendesha kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Barabara ile ya mawimbi huwa na mawimbi elfu tatu kutoka mjini hadi shimoni. Drago ndiye aliyeyahesabu, kwa mbavu. Springi laini zingembembeleza. Springi zile zilichukua kila tuta zikamletea kama lilivyo, bila kupunguza chochote, kwenye mtulinga, kwenye mbavu, kwenye fizi. Merv alikuwa amempiga kwa dakika kumi zote kwa jumla. Mabamba ishirini na mawili yalimpiga kwa dakika kumi na tisa bila kupumzika, na hayakuwa na pua ya kuvunjwa.

"Nipunguze?" Jagoda alipiga kelele.

"Usipunguze!"

"Unatapika damu!"

"Nitatapikia huko mbele! Usipunguze!"

Mkaguzi, bwana mwembamba aitwaye Tranter, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya shimo. Alimtazama mtu aliyeteremka garini: jicho moja limefungwa, mkono unaning'inia, ndevu nyekundu hadi kifuani, na kipande kidogo cha sikio ambalo si lake kwenye ukosi.

"Dakika mbili," Tranter alisema.

"Mashine iko hapa."

"Kanuni inasema kunguruma. Haisemi kuwa hapa."

Jagoda alishika kamba ya kuwashia injini ya winchi. Tranter akatikisa kichwa. "Mwenye leseni, mama. Si wewe."

Drago alipanda tena kwa mkono mmoja na magoti. Alishika kamba, akavuta. Injini ilikohoa. Akavuta mara ya pili, na kitu ndani ya kifua chake kikahama mahali pake. Injini ikatema moshi na kunyamaza. Tranter aliinua saa karibu na macho. Drago alijizungushia kamba kiganjani mara mbili, akaweka buti juu ya mashine, na badala ya kuvuta alijiachia aanguke kinyumenyume kutoka garini, uzito wake wote ukining'inia kwenye kamba ile.

Injini ilinguruma. Ilinguruma ikatisha kunguru wote kwenye machimbo, na pikapu, pamoja na kishindo chote kile, haikuyumba hata kidogo.

Tranter aliandika kwenye daftari lake, akaupulizia mhuri pumzi na kuugonga, kisha akainama juu ya mtu aliyelala chali vumbini.

"Mashine inafanya kazi, nimeandika. Na wewe je, unafanya kazi?"

Drago alikuwa amezimia, kamba ingali mkononi.

"Yeye, andika ataanza Jumatatu," alisema Jagoda.